Jina la unga ni la nani: la aliyelianza, au la aliyeliandikisha?

Mteja anaingia dukani, Mulongwe. Haulizi unga tu, anauliza jina: "Nipe ule wa mfuko wa buluu." Hasomi maandishi ya nyuma. Anaangalia rangi, picha na jina, analipa, anabeba. Kama unga wa wiki iliyopita ulitoa bugali nzuri, atarudia jina lile lile. Kama ulikuwa na mchanga, jina hilo litakufa mtaa mzima ndani ya siku mbili.

Ndio maana jina la chakula ni mali. Haikamatiki kwa mkono kama gunia, lakini inaleta pesa. Na mali yoyote inayoleta pesa, siku moja watu wawili watakuja kuigombania.

Hapa Uvira ugomvi wa namna hiyo ni rahisi kuzaliwa. Mizigo inashuka bandarini Kalundu kutoka Kigoma, inapita mpaka wa Kavimvira kutoka Bujumbura, inateremka kutoka Bukavu kwa njia ya Kamanyola, inapanda kutoka Baraka na Fizi. Mchele wa uwanda wa Ruzizi, mawese ya Fizi, ndagala ya ziwa, vyote vinakutana ku soko moja. Inawezekana kabisa watu wawili wasiojuana wakawa wameandika jina moja juu ya mifuko yao.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama mmoja wa Kalundu anaanika ndagala, anapakia katika sashe ndogo, anabandika etiketi yenye jina "Nyota ya Kalundu". Anafanya hivyo miaka kumi. Wateja wa Uvira wanamjua, wa Baraka wanamjua, hata Bukavu kuna depo inayouza sashe zake. Siku moja anakuja mtu na kartasi yenye kashe ya Kinshasa. Kartasi inasema "Nyota ya Kalundu" ni alama ya kampuni fulani, iliyoandikishwa mwaka jana. Mama anaambiwa aondoe sashe zake sokoni.

Nani ana haki? Jibu si fupi. Linategemea inchi, linategemea nani alijua nini, na linategemea nani ametunza kartasi zake.

Kartasi tatu ambazo watu wanazichanganya

Wafanyabiashara wengi wakiulizwa kama jina lao limelindwa, wanajibu "ndiyo, niko na makartasi". Lakini makartasi hayo ni ya aina mbalimbali, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni registre de commerce, ile inayoitwa RCCM. Inatokana na sheria za OHADA, ambazo zinafanya kazi Kongo tangu tarehe 12 mwezi wa tisa 2012. RCCM inasema mtu fulani au kampuni fulani ipo na inafanya biashara. Ni kama kitambulisho. Haisemi kwamba jina lililoko juu ya mfuko wa unga ni lake peke yake.

Ya pili ni kartasi ya OCC, Office Congolais de Contrôle. Hiyo inahusu bidhaa yenyewe: imepimwa, ubora wake ni huu. Kampuni mbili zinaweza kuwa na jina moja juu ya mfuko, na zote mbili zikawa na kartasi ya OCC. Mpimaji anapima unga, hapimi nani mwenye jina.

Ya tatu ndiyo cheti cha alama ya biashara, ile watu wanayoiita "marque". Hicho ndicho kinachosema: jina hili, au picha hii, kwa bidhaa za aina hii, ni la huyu. Hakitoki ku mairie wala ku kodi. Ombi linakwenda Kinshasa, katika wizara ya viwanda, kwenye direction inayoshughulikia propriété industrielle.

Mama wa Kalundu katika mfano wetu anaweza kuwa amelipa kodi zote, ana patente, ana kartasi ya OCC, na bado jina lake likawa halijaandikishwa popote.

Sheria ya Kongo inasema nini

Sheria inayotawala mambo haya ni ile nambari 82-001 ya tarehe 7 mwezi wa kwanza 1982 juu ya propriété industrielle. Ni ya wakati wa Zaïre, na ndiyo ambayo wanasheria bado wanaifungua. Inahusu uvumbuzi, michoro ya viwandani, alama za biashara, na majina ya mahali ambako bidhaa inatoka.

Kwa upande wa alama, msingi wake ni kuandikisha. Haki ya kuwa peke yako juu ya alama inatokana na cheti. Cheti kinadumu miaka 10 tangu siku ya kuweka ombi, na kinaweza kufanywa upya kila miaka 10. Mwenye cheti anaweza kumpeleka mahakamani yule anayeiga alama yake, na kuiga ni kosa la jinai pia.

Inchi nyingi ulimwenguni zinafuata njia hii. Sababu yake inaeleweka. Kartasi ina tarehe, na tarehe haibishani. Mfanyabiashara anayetaka kuanza anaweza kuulizia kama jina limechukuliwa, halafu akaweka pesa zake bila woga.

Lakini njia hiyo ina upande wake mbaya. Inampa nguvu yule mwenye kujua ofisi, na inamwacha nyuma yule mwenye kujua kazi. Mtu aliyejenga jina kwa jasho miaka mingi anaweza kukuta mwingine amewahi Kinshasa kwa ndege. Hapo ndipo linazaliwa swali la haki ya aliyetangulia kutumia.

Aliyetangulia kutumia

Wazo lake ni hili: kama mtu alikuwa anatumia jina kwa nia njema kabla mwingine hajaliandikisha, si haki kumfukuza katika biashara aliyoijenga mwenyewe. Sheria nyingi zimejaribu kumtafutia nafasi, lakini si zote zinampa nafasi sawa.

Majirani wa Kenya wameandika jambo hili wazi. Sheria yao ya alama za biashara, Sura ya 506, ina kifungu cha 10 kinachosema kwamba mwenye alama iliyoandikishwa hawezi kumzuia mtu ambaye alikuwa anaitumia alama ile ile, au inayofanana nayo, mfululizo tangu kabla yake. Neno "mfululizo" hapo ni zito. Aliyetumia mwaka mmoja, akaacha mitano, akarudi baada ya kusikia jina limeshakuwa na soko, huyo hawezi kujificha nyuma ya kifungu hicho.

Katika inchi zilizotawaliwa na Waingereza, kama Kenya, Uganda na Tanzania, kuna pia njia nyingine ya mahakamani kwa yule asiye na cheti. Anaweza kumshitaki mtu anayeuza bidhaa zake kana kwamba ni za mwingine. Anapashwa kuonyesha mambo matatu: kwamba jina lake lina sifa kwa wateja, kwamba mshitakiwa anawadanganya wateja hao, na kwamba yeye anapata hasara.

Kongo tulirithi sheria za Ubelgiji, na mlango unaofanana na huo unaitwa concurrence déloyale, yaani ushindani usio wa haki. Kuna ordonansi ya tarehe 24 mwezi wa pili 1950 juu ya jambo hilo. Inakataza vitendo vinavyokwenda kinyume na desturi njema za biashara, na kati ya hivyo ni kuwachanganya wateja ili wadhani bidhaa ya huyu ni ya yule. Kesi inapelekwa mbele ya mahakama ya biashara, au pale isipokuwepo, tribunal de grande instance.

Kwa hiyo mama wa Kalundu hajafungiwa milango yote. Lakini anaanza safari akiwa nyuma. Mwenye cheti anaonyesha kartasi moja, basi. Yeye anapashwa kuleta ushahidi wa miaka kumi.

Mgahawa wa Mattoon

Kesi moja ya chakula inayojulikana sana kwa jambo hili ilitoka Marekani, katika mji mdogo unaoitwa Mattoon, jimbo la Illinois.

Mwaka wa 1957 familia ya Hoots ilianza kuuza chakula pale kwa jina la Burger King. Haikujua kwamba mbali sana, Florida, kuna kampuni nyingine iliyokuwa imeanza kutumia jina hilo mwaka wa 1953. Mwaka wa 1959 familia ikaandikisha jina katika jimbo lake. Kampuni ya Florida ikaandikisha kwa inchi nzima mwaka wa 1961, na mwaka huo huo ikafungua mgahawa wake wa kwanza Illinois. Kesi ikaanza.

Mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi mwaka wa 1968. Kampuni kubwa ilipewa jina kwa inchi nzima, pamoja na sehemu karibu yote ya Illinois. Lakini familia ya Hoots iliachiwa eneo lake: Mattoon na kilometa zipatazo 32 kuizunguka. Ndani ya duara hilo, kampuni kubwa haikuruhusiwa kutumia jina lake yenyewe.

Kwa kipimo cha hapa, duara hilo lingetoka Uvira mjini likakaribia Sange. Luvungi ingekuwa nje.

Kesi hii inafundisha mambo mawili. La kwanza: nia njema ina thamani. Familia ilishinda eneo lake kwa sababu haikuiba jina, ilianza bila kujua kwamba kuna mwingine. La pili: haki ya aliyetangulia ina mipaka. Inalinda pale ambapo mtu alikuwa amefika kweli, si pale ambapo angependa kufika kesho. Familia ya Hoots haikuweza kutoka na jina hilo kwenda kulieneza Illinois nzima.

Bia mbili, jina moja

Kuna wakati ambapo wote wawili wana haki, na mahakama inawaambia wakae pamoja.

Mfano mkubwa ni Budweiser. Kampuni ya Anheuser-Busch ya Marekani inatumia jina hilo tangu 1876. Katika Jamhuri ya Czech kuna mji unaoitwa České Budějovice, ambao kwa Kijerumani ni Budweis, na bia ya huko imeitwa kwa jina la mji. Kiwanda cha Budvar kilianzishwa pale mwaka wa 1895. Mmarekani anasema: mimi nimekutangulia kulitumia. Mcheki anajibu: jina ni la mji wangu.

Wamegombana zaidi ya miaka mia moja, inchi kwa inchi. Marekani, bia ya Wacheki inauzwa kwa jina la Czechvar. Uingereza ilikuwa tofauti. Bia zote mbili zilikuwa sokoni tangu miaka ya 1970, na wanywaji walizoea kuzitofautisha. Tarehe 22 mwezi wa tisa 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa mwongozo, na mwaka wa 2012 mahakama ya rufaa ya Uingereza ikakubali majina yote mawili yaendelee. Sababu kubwa: matumizi ya muda mrefu, ya wazi, ya nia njema kwa pande zote mbili.

Hata hapa kwetu kuna jambo la kufanana, ila bila vita. Mnywaji wa Uvira anajua Primus ya Bralima, na anajua Primus ya Brarudi inayovuka kutoka Bujumbura. Viwanda viwili, inchi mbili, lakini kwa miaka mingi zote mbili zilikuwa chini ya mwamvuli wa Heineken, ndiyo maana hazikugombania jina. Kumbe Ubelgiji kuna Primus nyingine kabisa, ya kiwanda cha Haacht, isiyo na undugu na hii ya kwetu. Kila moja inaishi katika inchi yake.

Hilo linaonyesha kanuni ambayo mfanyabiashara wa mpakani asiisahau: alama ya biashara inaishia mpakani. Cheti cha Kinshasa hakivuki Kavimvira. Burundi ina sheria yake, nambari 1/13 ya tarehe 28 mwezi wa saba 2009. Tanzania bara wanaandikisha kwa BRELA, na Zanzibar wana ofisi yao ya pekee: cheti cha bara hakifiki kisiwani.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na watu wengi wanafikiri kwamba sasa kila kitu ni kimoja. Kwa alama za biashara, hapana. Jumuiya haina cheti kimoja cha inchi zote. Kuna shirika la ARIPO lenye makao Harare, na kuna OAPI ya Yaoundé ambayo inachunga inchi nyingi zinazosema Kifaransa. Kongo haimo katika yoyote kati ya hizo mbili. Anayetaka kulindwa Uvira, Bujumbura na Kigoma anapashwa kuandikisha mara tatu.

Na kama jina ni la mtu wa mbali?

Ugomvi unaweza kuja pia kwa njia ya pili, kinyume cha mfano wetu. Mara hii mdogo ndiye mwenye cheti, na mkubwa ndiye anayelalamika.

Tuseme mfanyabiashara wa Uvira analeta biskwiti kutoka kiwanda cha inchi jirani. Anaziuza miaka mitano, zinapendwa. Kisha anakwenda Kinshasa kuandikisha jina la biskwiti kwa jina lake mwenyewe. Siku kiwanda kinapotafuta muuzaji mwingine, anatoa cheti: "Hapa Kongo jina ni langu."

Mkataba wa Paris wa mwaka wa 1883, ambao Kongo ni memba wake tangu 1975, uliliona jambo hilo mapema. Unasema kwamba kama ajenti au mwakilishi wa mwenye alama anaiandikisha kwa jina lake bila ruhusa, mwenye alama anaweza kupinga, kuomba ifutwe, au, kama sheria ya inchi inaruhusu, kuomba aandikiwe yeye. Ajenti anaokoka tu kama anaweza kueleza kwa nini alifanya vile.

Mkataba huo huo unalinda alama zinazojulikana sana, hata kama hazijaandikishwa katika inchi. Kama alama hiyo imeandikishwa na mtu mwingine, mwenyewe anapewa muda wa angalau miaka 5 kuomba ifutwe. Na kama aliyeandikisha alikuwa na nia mbaya, hakuna kikomo cha muda.

Afrika Kusini ilipata kesi kubwa juu ya hilo. McDonald's ilikuwa imeandikisha majina yake huko tangu 1968, lakini haikufungua mgahawa kwa miaka mingi, wakati wa ubaguzi wa rangi. Mwaka wa 1993 kampuni ya huko, Joburgers, ikataka kuchukua jina, ikisema halitumiki. Mwaka wa 1996 mahakama ya rufaa iliamua kwamba jina linajulikana kwa watu wa kutosha wa inchi ile, na McDonald's ikabaki nalo.

Hapa panahitaji uangalifu. Kulinda majina yanayojulikana ni jambo jema kwa mnunuzi, maana anapata kile anachofikiri anakinunua. Lakini kampuni kubwa pia inaweza kulitumia kuwatisha wadogo. Barua ya wakili yenye kashe nyekundu si hukumu. Aliyeipokea asiitupe, lakini pia asikimbilie kuchoma mifuko yake. Aulize kwanza: cheti ni cha tarehe gani, kwa bidhaa gani, na mimi nilianza lini?

Majina ambayo si ya mtu

Kuna majina ambayo hata ukiwahi Kinshasa alfajiri, haupashwi kupewa uyashike peke yako. Ndagala ni jina la samaki. Mukeke ni jina la samaki. Mawese ni mawese. Kama mtu mmoja angepewa neno "ndagala" liwe lake kwa kuuza samaki, wanawake wote wa pwani, kutoka Kavimvira hadi Mboko, wangekuwa wezi asubuhi yake.

Jambo hilo si ndoto. Marekani, mwaka wa 1994, jina "Rooibos" liliandikishwa kuwa alama ya mtu binafsi, wakati Afrika Kusini ni jina la kawaida la majani ya chai yao. Ilichukua hadi 2005 na gharama kubwa za mawakili ndipo likaachiliwa.

Ethiopia ilichagua kutangulia. Mwaka wa 2005 serikali yake iliomba kuandikisha Marekani majina ya kahawa zake: Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Kulikuwa na upinzani, lakini mwezi wa sita 2007 ilikubaliana na kampuni ya Starbucks juu ya matumizi ya majina hayo. Wakulima wa Kivu wenye kahawa, na wa Ruzizi wenye mchele, wana la kujifunza hapo. Jina la mahali linaweza kulindwa kwa faida ya wote wanaolima mahali hapo, na sheria yetu ya 1982 inataja majina ya asili ya bidhaa. Lakini kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Inahitaji koperative, na inahitaji wakulima kukubaliana kwanza ubora ni upi.

Mfanyabiashara mdogo afanye nini

Kwanza, atafute jina lisiloeleza tu kile kilichomo. "Unga Mzuri" ni jina dhaifu, kila mtu ana haki ya kusema unga wake ni mzuri. Jina la kubuni lina nguvu zaidi.

Pili, kabla ya kuchapisha mifuko elfu moja, aulizie. Azunguke soko la Uvira, aulize Bujumbura na Bukavu, na aombe utafutaji ku ofisi ya Kinshasa kupitia wakili au mandataire anayejulikana. Kubadilisha jina kabla ya kuanza ni bei ya karatasi. Kubadilisha baada ya miaka kumi ni kuanza maisha upya.

Tatu, aandikishe kwa bidhaa anazouza. Ofisi nyingi ulimwenguni zinapanga bidhaa kwa madaraja ya mpango wa Nice: samaki wakavu na mafuta ya kula viko daraja la 29, unga, mchele na kahawa daraja la 30, bia, maji na maji ya matunda daraja la 32. Cheti cha unga hakimpi mtu nguvu moja kwa moja juu ya jina lile lile kwa bidhaa ya mbali kama sementi.

Nne, na hili halihitaji safari ya Kinshasa, atunze ushahidi. Fakture ya kwanza ya mchapishaji wa etiketi. Bordereau za mizigo zenye tarehe. Risiti za kodi zenye jina la bidhaa. Mfuko mmoja wa kila mwaka. Picha za duka. Tangazo lililopita redioni na risiti yake. Katika kesi zote zilizotajwa hapa juu, swali la jaji lilikuwa karibu lile lile: ulianza lini, wapi, na nani alikujua? Mdomo mtupu haujibu swali hilo.

Tano, kama anauza bidhaa ya kiwanda cha mwingine, waandikiane mkataba unaosema jina ni la nani hapa Kongo. Urafiki wa leo usiwe kesi ya kesho.

Mwisho, asikae kimya. Akiona mfuko unaofanana na wake sokoni, aandike barua, atunze kopi, apige picha. Anayenyamaza miaka mingi anaweza kuambiwa kwamba alikubali.

Tukirudi kwa mama wa Kalundu

Hatima yake ingetegemea mambo madogo. Kama fakture ya etiketi zake za kwanza ingali kwenye sanduku, na wauzaji wa Baraka na Bukavu wanakubali kuja kusema, na yule mwenye cheti alikuwa mteja wake wa zamani aliyemjua vizuri, basi ana kesi ya nia mbaya na ya ushindani usio wa haki. Kama mwenye cheti alianza mbali, bila kumjua, na mama hana hata kartasi moja, njia yake itakuwa nyembamba. Pengine angeshauriwa kuelewana: aachiwe muda wa kumaliza sashe zilizobaki, au aongeze neno linalomtofautisha, au alipwe aache jina.

Katika njia hizo zote, hakuna anayesema ndagala yake ni mbaya. Samaki ni wale wale, jua ni lile lile, mikono ni ile ile. Kinachoweza kumponyoka ni lile neno ambalo mteja analitamka akifika dukani. Kuliandikisha kuna gharama. Lakini kutunza fakture ya kwanza ndani ya sanduku hakuna gharama yoyote, na mtu anaweza kuanza leo.